Kisoda Namba Kumi na Saba

Saa tatu kamili asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Agosti, tiketi zilianza kuuzwa kwa simu. Saa tatu na dakika saba zilikuwa zimekwisha. Katika dakika hizo saba nilikuwa juu ya paa la lifti iliyokwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano huko Berea, na chini ya miguu yangu alikuwapo mama mmoja mwenye mifuko miwili ya unga, akiimba nyimbo za kanisani ili asiogope. Kutengeneza lifti ndiyo kazi yangu. Sikuisomea chuoni, niliijua kwa vitabu vya mitumba na kwa kuzifungua lifti zenyewe. Siku hiyo nilikuwa nimejipanga vizuri: simu mbili zenye chaji, kadi ya benki mfukoni, na mahali penye mtandao mzuri juu ya jengo, nifike hapo saa tatu kasoro dakika kumi. Lifti ikakwama saa tatu kasoro dakika ishirini. Ndani ya shimo la lifti hakuna mtandao. Nilimtoa mama wa watu kwanza, akanibariki, nikapanda ngazi mbilimbili hadi juu, nikafungua simu. Hakuna tiketi hata moja.

Mechi yenyewe ilikuwa ya besiboli. Najua wengi wenu mnauona mchezo huo kwenye filamu tu, lakini hapa Johannesburg upo, katika viwanja vichache vyenye viti vichache. Timu ya wasichana kutoka Kuba ilikuwa inakuja kucheza na wasichana wa mkoa wetu Jumapili moja ya mwanzo wa Septemba, kabla ya msimu kuanza. Viti mia nne. Madaktari wa Kikuba waliohamia hapa walivitaka, na wazee wetu waliosoma kule walipokuwa uhamishoni walivitaka, na watoto wao pia. Mtupaji wa kwanza wa timu yetu alikuwa binti yangu Neema, mwenye miaka kumi na saba. Wachezaji walikuwa wameahidiwa tiketi mbilimbili za familia. Baadaye wakaambiwa nafasi hizo zimekwenda kwa wageni waalikwa.

Nami nilitaka tiketi mbili tu, yangu na ya Mama. Mama yangu ana miaka sabini na minne. Jumatatu, siku moja baada ya mechi, alikuwa anarudi Morogoro kwa dada yake, na safari hii harudi tena huku. Ameishi katika mji huu zaidi ya miaka thelathini, ndani ya nyumba ya watu wa besiboli, na hajawahi kuona mechi hata moja.

Enzi zetu tiketi haikuwa na dakika. Ilikuwa na uzito.

Tulifika Bellevue, mtaa wa hapa Johannesburg, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mtu wa hapa aliyekimbia ubaguzi akiwa kijana. Alisomea ufundi wa matrekta Kuba kwa miaka sita, kisha akatumwa Tanzania, ambako alimwoa Mama. Wahamishwa waliporuhusiwa kurudi, alirudi na mke Mluguru, mimi binti yake niliyewaamkia walimu "shikamoo" mpaka darasa zima linacheka, na sanduku moja. Ndani ya sanduku, juu ya nguo zote, kulikuwa na glavu ya ngozi iliyokauka kama samaki wa kuokwa. Mama alikuwa ameomba nafasi ya sufuria yake kubwa, akanyimwa. Kwa miaka mingi kila alipokosa sufuria ya kutosha aliitazama ile glavu kwa jicho ambalo sisi watoto tulilielewa.

Nyumba yetu ilikuwa imegawanywa vyumba tisa, familia tisa, bomba moja uani. Mwisho wa ua palikuwa na gereji ya zamani isiyo na gari. Kwenye ukuta wake Baba alichora mraba kwa chaki, upande wa chini usawa wa goti langu, upande wa juu usawa wa kifua changu. Nilipokua, mraba ulipanda. Alama za chaki za zamani hazikufutika vizuri, kwa hiyo ukuta ule ulikuwa na urefu wangu wa kila mwaka.

Kila Agosti tulianza mazoezi ya kutupa. Anayeijua Agosti ya hapa anajua ninachosema: asubuhi barafu nyembamba kwenye ndoo, mchana jua kali, upepo mkavu wenye vumbi la majivu ya nyasi, vidole vinapasuka. Mpira unateleza kama sabuni. Baba alitufundisha kuusugua kwa tope kidogo la pale bombani, kisha kuufuta kwenye suruali. Na alituwekea kikomo cha mitupo arobaini kwa siku. Hata kama umetupa vizuri, hata kama umebakiza mmoja uupate mraba katikati, arobaini ikifika alikuwa anasema, "Arobaini. Basi." Ukibisha, aliongeza, "Agosti hatutupi kwa nguvu. Tunatupa kwa adabu." Bega lililolala majira yote ya baridi, alisema, haliamshwi kwa kelele.

Aligundua pia jambo ambalo mimi nilikuja kulisoma baadaye kitabuni. Mipira yake ya kupinda, aliyojifunza pwani ya Kuba, hapa ilikataa kupinda. Alidhani ni uzee. Ni hewa. Mji wetu uko juu sana, hewa ni nyepesi, na mpira hupinda kwa kuisukuma hewa. Nilipompelekea maelezo hayo nikiwa na miaka kumi na mitano, aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo si mimi." Nadhani ndiyo zawadi kubwa niliyowahi kumpa.

Mwenzangu wa kutupa alikuwa Bahati, mtoto wa Fundi Kalonji, fundi cherehani wa Lubumbashi aliyekaa chumba cha tatu. Tulikuwa na mpira mmoja wa kweli. Nyuzi zake zilipokatika, tulimpelekea Fundi, naye aliushona upya kwa uzi mwekundu wa makochi. Mpira wa besiboli una mishono mia moja na minane. Nilimhesabia, maana bila kuhesabu alikuwa anapunguza.

"Hii mupira yenu inakula uzi kuliko suti ya bwana-arusi," alilalamika kila mara. "Na bwana-arusi, yeye analipa!"

Lakini aliushona. Siku moja aliuegemeza sikioni, akautikisa, akasema ndani kuna mtu analala. Bahati alikataa kuutupa siku hiyo.

Sasa nieleze kuhusu tiketi. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja kwa miguu yetu mifupi, kupita robot tatu, yaani taa za barabarani, na spaza, kiduka cha mtaani, ya mwanamke aliyetuuzia achari ya embe ndani ya mkate kwa sarafu tulizookota. Wenye fedha walikata tiketi dirishani na kukaa kivulini. Sisi tulikuwa na njia nyingine. Majira ya baridi uwanja ulikauka, nyasi zikachomwa, na mawe yakaibuka udongoni kana kwamba yamepandwa. Mtunza uwanja, mzee wa Kireno aliyetoka Msumbiji, tuliyemwita Mzee Kofia, alikuwa na desturi yake. Wiki ya mwisho ya Agosti, kabla watupaji hawajaanza mazoezi, mtu yeyote aliyeokota mawe na kujaza makopo ishirini ya rangi alipewa kisoda cha chupa kilichopondwa kwa nyundo, kikatobolewa tundu, kikagongwa namba kwa msumari. Ukikivaa shingoni kwa uzi, unaingia msimu mzima. Hakuuliza unatoka nchi gani. Alichungulia kopo. Kama ulikuwa umeweka nyasi chini na mawe juu, alilimwaga lote na kukuambia uanze upya, kwa Kireno, nasi tulimwelewa kila neno.

Mwaka wa kwanza mimi nilipata namba kumi na saba na Bahati akapata kumi na nane. Hakunisamehe. Alidai makopo yake yalikuwa mazito zaidi. Kwa namba hizo tulikaa nyuma ya wavu, juani, ambako Baba alitaka tukae. "Kaeni juani," alituambia, "kivulini mtaona watu, juani mtaona mkono wa mtupaji." Na ni kweli. Mpaka leo nikitazama kiwiko cha mtu naweza kukuambia mpira utakwenda wapi kabla haujatoka.

Mama hakuwahi kuja. Mechi zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na siku hizo ndizo alizouza maandazi kwenye kona. Wateja waliyaita magwinya. Mama hakukubali miaka yote. "Hayo si magwinya, yana iliki," alimwambia kila mteja, na kama mteja alicheka aliongezewa maneno, si andazi. Baba alimwahidi: "Iko siku nitakukalisha kivulini, mke wangu, uone mchezo." Mama alijibu kwamba amesikia habari za mchezo huo: watu wazima wanakimbia kuzunguka, kisha wanarudi pale pale walipoanza. Baba alifariki mwaka Neema alipozaliwa. Ahadi ile ilibaki kwangu.

Basi, Jumanne ile, mchana, nilikwenda Yeoville kwenye duka la simu la Bahati. Ndiyo, Bahati yule yule. Nilikuwa nimeambiwa ana tiketi. Anauza simu, chaja na vocha, na sasa ana tumbo na pete mbili. Aliniona mlangoni akapiga makofi.

"Kumi na Saba! Karibu, dada yangu. Nilijua utakuja."

"Ulijuaje?"

"Mtoto anatupa, mama atakosa? Ninazo kumi na mbili. Niliweka vijana wanne na simu nane. Dakika mbili tu, kwisha kazi."

"Bei?"

"Kwa wengine rand mia tisa. Kwako mia saba na hamsini."

"Imeandikwa mia moja na ishirini, Kumi na Nane. Naiona hapo."

"Dada, biashara ni biashara. Daktari mmoja wa Sandton ananipigia simu tangu asubuhi. Eish, usinitazame hivyo, unanitazama kama mama yako."

"Ni ya mama yangu. Anaondoka Jumatatu."

Juu ya kaunta kulikuwa na funguo zake, na kwenye pete ya funguo kilining'inia kisoda kilichopondwa, kimesuguliwa mpaka namba haionekani vizuri. Aliona nimekiona, akavuta funguo mfukoni.

"Mia saba," alisema.

Nilikuwa na fedha hizo. Nasema hivi ili msije mkafikiri nilikataa kwa kukosa. Nilikuwa nazo mfukoni, elfu moja na mia tano, nimezitoa benki nikijua pa kwenda. Lakini nilisimama pale nikakumbuka makopo ishirini, na vidole vyetu vikitoka damu, na Mzee Kofia akimwaga kopo la Bahati kwa sababu ya nyasi. Leo Bahati alikuwa ameweka nyasi chini na mawe juu, na hapakuwa na mtu wa kumwaga. Nikamwambia, "Baki nazo." Nikatoka.

Jioni nilimweleza Mama. Neema alikuwa mezani akijipiga picha bega lililofungwa barafu. Siku hizi bega nalo lina wafuasi. Wana mashine ya kupima mwendo, wana programu ya simu inayohesabu mitupo, wana kocha wa usingizi. Sisi tulikuwa na chaki.

"Kwa hiyo Bibi haji?" aliuliza Neema. Kiswahili anakielewa chote, ila mara nyingi hunijibu kwa Kiingereza. Akizungumza Kiswahili najua jambo limemwingia.

"Bibi atakuona ukitupa," nilisema. "Lini mna mazoezi ya mwisho?"

"Ijumaa saa nane. Kwenye uwanja wenu wa zamani. Lakini Mama, hayo ni mazoezi tu."

Mazoezi tu! Nilimwambia kwamba kwenye mechi mtupaji anaonyesha alichonacho, lakini mazoezi ya mwanzo wa msimu ndiyo yanayoonyesha anakipataje. Mama alitikisa kichwa kwangu kana kwamba namuuzia glavu.

Ijumaa nilifunga kazi saa sita. Nikapakia kwenye bakkie yangu, pikapu ya kazi, kiti cha jikoni, mwavuli, reki na makopo mawili ya rangi matupu. Saa nane kasoro robo tulikuwa getini. Mlinzi alikuwa Mrundi wa makamo, mwenye koti kubwa kuliko yeye.

"Leo hapana kuingia, mama. Ni wachezaji tu."

"Hatukuja kutazama," nilimwambia. "Tumekuja kuokota mawe."

Alitazama reki. Akatazama makopo. Akamtazama Mama, aliyekuwa amevaa kitenge chake cha safari na viatu vya kanisani.

"Na bibi huyu naye anaokota mawe?"

"Wewe unaniona nimekuja kufanya nini?" Mama alimuuliza. "Kijana, una mama wewe? Fungua geti, goti linaniuma."

Mlinzi alicheka mpaka akashika kofia. Alifungua. Na mimi sikusema uongo. Niliweka kiti nyuma ya wavu, juani, nikamkalisha Mama chini ya mwavuli, kwa hiyo Baba alipata kivuli chake alichokiahidi na jua lake alilolipenda, kisha nikaanza kuokota. Mawe yalikuwapo, kama zamani. Mama akiwa kitini aliinama akaokota lile lililokuwa karibu na kiatu chake, akalitupia koponi. Liligonga kwa sauti. Kocha aligeuka, akaona wanawake wawili wanasafisha uwanja wake bure, akageukia kazi yake.

Neema akapanda kwenye kilima cha mtupaji. Akasugua mpira kwa udongo. Akatupa.

"Moja," alisema Mama.

Nilidhani anaongea peke yake. Mpira wa pili uligonga glavu ya mdakaji. "Mbili." Wa tatu. "Tatu. Huo ulikwenda pembeni." Na ulikwenda pembeni kweli, lakini nilipomtazama Mama niliona amefumba macho.

"Mama, unaonaje?"

"Nasikia. Ukiingia sawasawa unalia pa! Ukienda pembeni unalia pu. Unafikiri miaka yote hiyo nilikuwa nafanya nini jikoni? Mlikuwa mnatupa ukutani kila jioni, dirisha langu liko pale. Arobaini zikifika ndiyo nilikuwa najua niteremshe ugali. Siku baba yako alipokuachia ukatupa arobaini na tatu, ugali uliungua. Nilimwambia."

Nilisimama na kopo mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya arobaini na tatu. Niliamini hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili.

Tulihesabu pamoja. Aliyafumbua macho kwenye mtupo wa kumi na tano hivi, akauona mkono wa mjukuu wake ukipita kwenye jua, na hakuyafumba tena. Upepo ulirusha vumbi, mwavuli ukageuka, hakujali. Ishirini na sita ulikwenda chini. Thelathini na moja ulikuwa mzuri kuliko yote, hata mdakaji alipiga kelele. Neema alipotupa wa arobaini aliinama kuchukua mpira mwingine.

"Arobaini!" Mama alipaza sauti kutoka nyuma ya wavu. "Basi!"

Uwanja mzima uligeuka. Kocha alitazama simu yake, ile programu inayohesabu, akatazama tena. Akamwonyesha Neema aweke mpira chini. Neema alikuja mbio hadi kwenye wavu, akaingiza vidole kwenye matundu, Mama akavishika.

"Umeona, Bibi?"

"Nimeona. Babu yako alikuwa anatupa hivyo hivyo. Ila wewe unamaliza na mguu umenyooka, acha hiyo."

"Sharp, Bibi," alijibu, yaani sawa.

Jumapili, nusu saa kabla ya mechi, tulikuwa tunafunga sanduku la Mama. Safari hii sufuria kubwa iliingia kwanza. Simu ikalia. Alikuwa Bahati, nyuma yake nilisikia honi na watu.

"Kumi na Saba, zimebaki mbili. Yule daktari wa Sandton hakuja. Njoo, nakupa kwa mia moja na ishirini. Au njoo tu, bure. Mlete mama."

Nilimwelezea Mama. Hakuinua kichwa kutoka kwenye sanduku.

"Mwambie nimeshaona," alisema. "Na mwambie baba yake alikuwa anashona mishono yote mia moja na minane, hata kama alikuwa ananung'unika."

Nilimwambia yote mawili. Akaaga vizuri. Sikwenda. Neema ana mechi nyingi mbele yake, na Mama alikuwa na Jumapili moja tu, nami niliitaka yote. Usiku Neema alitueleza: alitupa mipira kumi na minane, wasichana wa Kuba wakaizoea, kocha akamtoa. Tulishindwa. Mama aliuliza kama mguu ulikuwa umenyooka. Neema akasema ndiyo.

Enzi zetu ungeweza kuingia uwanjani kwa mikono yako, na leo unaambiwa mlango umo ndani ya simu, kwa dakika saba, na aliye ndani ya shimo la lifti hana lake. Sikubali. Ukuta wa gereji ulishabomolewa na Mzee Kofia hayupo, lakini mawe yapo, nimeyaona, na kila Agosti yanaibuka. Mwaka ujao nitakwenda na makopo mawili tena, na atakayetaka kuja nami ajue kwamba sihesabu nyasi.

Waliokaa kivulini Jumapili ile kwa bei ya Bahati waliona mitupo kumi na minane. Mama, juani, aliona arobaini. Nikitoa mafuta ya bakkie na chupa mbili za maji katika zile fedha nilizokuwa nimezibeba mfukoni, nilirudi nyumbani na rand elfu moja mia nne kumi na sita.